Damu Mbili Zisizochanganyika: Historia ya Elimu ya Kondo la Nyuma

Kondo la nyuma ni kiungo cha muda. Huanza kuota siku chache baada ya mimba kutungwa, hufanya kazi ya mapafu, figo na utumbo kwa ajili ya mtoto ambaye viungo vyake bado ni vichanga, kisha mtoto akishazaliwa nalo hutoka nyuma yake, kwa kawaida katika muda wa nusu saa. Jina lake limetokana na hapo; wengine huliita zalio. Likikomaa huwa na uzito wa nusu kilo hivi, umbo la sahani yenye upana wa sentimita 22, na unene wa sentimita mbili na nusu. Upande uliokuwa umeshikana na mji wa mimba ni mwekundu wa kuiva, umegawanyika mafungu mafungu kama vipande vya ini vilivyobanwa pamoja. Upande wa mtoto ni laini na unang'aa, na juu yake mishipa imetapakaa kama mizizi ya mti mkubwa, yote ikielekea mahali pamoja panapoanzia kitovu.

Kitovu chenyewe ni kamba ya urefu wa sentimita 50 hadi 60, yenye vena moja inayompelekea mtoto damu iliyojaa oksijeni na ateri mbili zinazoirudisha damu iliyokwisha kutumika. Kwenye ukingo wa kondo huning'inia ngozi mbili nyembamba zilizokuwa mfuko wa mtoto: korioni kwa nje na amnioni kwa ndani. Mfuko huo pamoja na maji yake ndio wakunga huuita chupa, na wanaposema chupa imepasuka wana maana kwamba ngozi hizo mbili zimeachia.

Kwa zaidi ya miaka elfu mbili wataalamu walioichunguza mimba walikuwa wakizunguka swali moja: je, damu ya mama na damu ya mtoto ni moja au ni mbili? Kama ni moja, mtoto ni tawi tu la mwili wa mama. Kama ni mbili, basi pana ukuta kati yao, na ukuta huo lazima uwe na namna ya kupitisha chakula na hewa bila kupitisha damu. Mengi yanayojulikana leo kuhusu kondo la nyuma yalipatikana katika kulitafutia swali hilo jibu.

Pacha aliyezikwa

Kabla matabibu hawajalipasua, watu walikwisha kulipa kondo heshima yake. Waswahili humtambua mtu kwa mahali kitovu chake kilipozikwa. Hapo ndipo kwao, hata akiishi ng'ambo. Huko Buganda kondo lilihesabiwa kuwa mtoto wa pili, likazikwa penye shina la mgomba. Kitovu cha Kabaka kilikaushwa, kikapambwa na kutunzwa kwa jina la mulongo, yaani pacha, na alikuwapo mkuu maalumu wa ufalme, Kimbugwe, ambaye kazi yake ilikuwa kumlinda pacha huyo.

Mila hiyo ya Buganda iliwafikia wasomi wa Ulaya kwa maandishi ya mmisionari John Roscoe. Mwaka 1911 Charles Seligman na Margaret Murray waliitumia kueleza jambo la kale zaidi. Katika bamba la mawe la mfalme Narmer wa Misri, lililochongwa yapata mwaka 3100 KK, mbele ya mfalme hutembea watu walioshika milingoti, na juu ya mlingoti mmoja pana kitu cha mviringo kinachoning'iniza uzi. Seligman na Murray walisema kwamba hicho ni kondo la mfalme na kitovu chake. Wataalamu wa Misri ya kale hawajakubaliana wote juu ya jambo hilo, lakini hoja yenyewe inaonyesha jinsi ujuzi wa Waganda ulivyosaidia kuuliza maswali kuhusu Misri.

Mizizi na midomo

Katika Ugiriki, Aristotle (384–322 KK) alivunja mayai ya kuku moja baada ya jingine, siku hadi siku, ili kuona kifaranga kinavyojengeka. Aliona ngozi zinazomzunguka, na kuhusu wanyama wanaozaa aliandika kwamba kitovu ni mfano wa mzizi: kiinitete hufyonza chakula kutoka kwenye mji wa mimba kama mmea unavyofyonza ardhini. Aliandika pia habari ambayo wengi baadaye waliidhania kuwa hadithi tu. Alisema yuko papa mmoja mwenye ngozi laini ambaye watoto wake hushikamana na tumbo la mama kwa kitovu, kama wanyama wa nchi kavu. Karne zilipita bila watu kuyajali maneno hayo, hata mwaka 1842 Johannes Müller, mwanabaiolojia wa Berlin, alipotoa kitabu kizima juu ya papa huyo wa Aristotle, chenye michoro ya kondo lake. Ikadhihirika kwamba yule mzee alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Galen, tabibu wa karne ya 2 BK aliyefanya kazi Roma, alieleza ngozi za mimba kwa utaratibu zaidi na kuzitaja kwa majina ambayo bado yanatumika: korioni, amnioni na alantoisi. Lakini hakupasua maiti za watu. Alipasua nyani, mbuzi na nguruwe. Kuhusu swali la damu alifundisha kwamba midomo ya mishipa ya mji wa mimba huungana na midomo ya mishipa ya kondo, damu ikamwagika moja kwa moja kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Mafundisho yake yalihifadhiwa na kupangwa upya na matabibu walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Ibn Sina (980–1037), ambaye kitabu chake cha Qanun kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Kwa hiyo kauli ya Galen kuhusu midomo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja.

Ng'ombe, mbwa na keki

Yapata mwaka 1511 Leonardo da Vinci alichora mtoto aliyejikunja ndani ya mji wa mimba uliofunguliwa kama ganda la tunda. Mchoro huo, uliomo leo katika hazina ya kifalme huko Windsor, Uingereza, una ustadi unaomfanya mtazamaji ahisi uzito wa kichwa cha mtoto juu ya magoti yake. Hata hivyo una kosa. Kondo lililochorwa humo limegawanyika vifungo vifungo vilivyotawanyika ukutani, na kondo la namna hiyo ni la ng'ombe. Leonardo alikuwa amempasua ng'ombe mwenye mimba, akajazia kwa mnyama pale alipokosa binadamu. Lakini katika maelezo yake aliandika jambo zito: kwamba mishipa ya mtoto haiendelei hadi ndani ya nyama ya mji wa mimba, bali huishia katika kondo. Kwa kuwa daftari zake hazikuchapishwa, wazo hilo halikuwafaa walimu wa wakati wake.

Andreas Vesalius, aliyechapisha kitabu chake kikuu cha mwili wa binadamu mwaka 1543, alianguka katika shimo lile lile. Kondo alilolionyesha lilikuwa la mbwa, lenye umbo la mkanda unaomzunguka mtoto. Alilirekebisha katika toleo la mwaka 1555. Miaka minne baadaye Realdo Colombo, aliyefundisha Padua baada yake, alilipa kondo la binadamu jina ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia mpaka leo: placenta, neno la Kilatini la keki bapa.

Pigo la kwanza kwa mafundisho ya Galen lilitoka Bologna. Mwaka 1564 Giulio Cesare Aranzi, profesa wa upasuaji, alitoa kitabu kidogo kuhusu mimba ya binadamu. Humo alisema wazi kwamba alitafuta ile midomo ya mishipa asiione, na kwamba damu ya mama na ya mtoto hukaa kila moja katika njia zake. Wengi hawakumwamini, kwa sababu hakuweza kueleza mtoto anaishije kama damu haimfikii.

Fumbo hilo lilimsumbua William Harvey pia, yule aliyethibitisha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini. Mfalme Charles wa Kwanza alimruhusu kupasua paa wake wenye mimba, na katika kitabu chake cha mwaka 1651 Harvey aliuliza swali lililowashinda wasomaji wake: kwa nini mtoto anaweza kukaa miezi ndani ya maji bila kuvuta pumzi, lakini akishavuta pumzi mara moja tu hawezi tena kukosa hewa hata kwa dakika chache? Mwaka 1674 John Mayow, daktari kijana wa Kiingereza, alijibu kwamba kondo ndilo pafu la mtoto. Alisema damu ya mama huleta chembe zile zile zilizomo katika hewa, na kitovu huzibeba. Oksijeni ilikuwa bado haijagunduliwa. Ilichukua miaka mia moja zaidi kupata jina. Na uthibitisho wenyewe ulikuja mwaka 1876, pale Paul Zweifel, mtaalamu wa uzazi wa Kijerumani, alipotumia kipimo cha mwanga kuonyesha kwamba damu ya kitovu imebeba oksijeni hata kabla mtoto hajavuta pumzi yake ya kwanza.

Nta ya mwezi Mei

Swali la damu mbili lilijibiwa London, katika chumba cha kupasulia maiti, mwezi Mei 1754. Daktari aliyeitwa Mackenzie, msaidizi wa mkunga mashuhuri William Smellie, alikuwa amepata maiti ya mwanamke aliyefariki akikaribia kujifungua. Aliyeyusha nta iliyotiwa rangi, akaipenyeza katika mishipa ya mji wa mimba, akaiacha igande. Kisha akamwita John Hunter, kijana mwenye mkono mwepesi wa kisu, waufungue mji huo pamoja.

Walipokata kondo wakaiona nta imejaa ndani yake, si katika mishipa, bali katika mabonge yasiyo na umbo, kama maji yaliyoganda katika matundu ya sifongo. Wakaendelea kukata kuelekea upande wa mtoto. Hakuna hata chembe ya nta iliyoingia katika mishipa ya kitovu. Maana yake ilikuwa kwamba mama humwaga damu yake katika uwazi uliomo ndani ya kondo, na mishipa ya mtoto huoga katika damu hiyo bila kufunguka ndani yake. Jioni ile John alimsimulia kaka yake William Hunter, ambaye kwanza aliyachukulia maneno hayo kwa utani, kisha akaenda kujionea.

Mwaka 1774 William alitoa kitabu kikubwa cha mji wa mimba chenye mabamba 34 ya picha, nyingi zikiwa zimechorwa na Jan van Rymsdyk. Ni katika uchunguzi wake lilipopatikana jina desidua kwa utando wa mji wa mimba unaojiandaa kupokea mimba kisha ukaanguka baada ya kuzaa, kama majani yanavyopukutika. Miaka sita baadaye John alisimama mbele ya Royal Society akadai kwamba ugunduzi wa kondo ulikuwa wake. Ndugu hao wakagombana, na William akafa mwaka 1783 bila wao kupatana kikamilifu. Katika ugomvi wote huo wa nani aliona kwanza, majina ya wanawake ambao miili yao ilitoa ujuzi hayakuandikwa popote.

Ngozi nne na tabaka sita

Hadubini ilipoboreshwa katika karne ya 19, uchunguzi ulihama kutoka kwenye mishipa hadi kwenye seli. Karl Ernst von Baer aliligundua yai la mamalia mwaka 1827. Kwa kulinganisha ukuaji wa ndege, reptilia na mamalia, yeye na wenzake walionyesha kwamba wote wana ngozi zile zile nne: kifuko cha kiini, alantoisi, amnioni na korioni. Ngozi hizo zilianza zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kwa wanyama wa kwanza waliotaga mayai nchi kavu. Amnioni ilikuwa dimbwi la kubebeka, lililomwezesha mtoto kukua ndani ya maji mbali na mto. Alantoisi ilihifadhi taka zake, na ikishirikiana na korioni ikampitishia hewa kupitia gamba la yai. Mamalia hawakubuni viungo vipya. Walivipa vile vya yai kazi nyingine. Korioni ikawa kondo, na mishipa ya alantoisi ikawa mishipa ya kitovu.

Mwaka 1889 Ambrosius Hubrecht wa Utrecht, Uholanzi, akichunguza mimba changa za kalunguyeye, aliona kwamba seli za nje za kiinitete ndizo zinazojichimbia katika mji wa mimba. Aliziita trofoblasti, yaani chipukizi la lishe. Hapo ikafahamika kwamba kondo, kwa sehemu kubwa, ni la mtoto. Huota kutoka yai lile lile lililomwotesha yeye. Theodor Langhans alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1870 kwamba vijitawi vya kondo la binadamu vimevikwa tabaka mbili. La ndani lina seli zilizojitenga moja moja. La nje ni ajabu: seli zake zimeungana zikawa utando mmoja usio na mpaka, wenye viini vingi, uliotandazwa juu ya kondo zima. Vijitawi hivyo ni vingi kiasi kwamba eneo lao lote, kondo likikomaa, hufikia meta za mraba 12 hadi 14, sawa na sakafu ya chumba.

Otto Grosser alikusanya elimu hiyo mwaka 1909 kwa kuuliza ni tabaka ngapi zinazotenganisha damu mbili katika kila mnyama. Kwa nguruwe na farasi tabaka zote sita zipo, tatu za mama na tatu za mtoto. Kwa mbwa na paka trofoblasti hula tabaka za mama mpaka kufikia ukuta wa mishipa yake. Kwa binadamu huula hata ukuta huo, na damu ya mama ikagusa utando wa mtoto moja kwa moja. Hapo makosa ya zamani yakaeleweka: Leonardo na Vesalius walidhani mnyama mmoja anaweza kusimama badala ya mwingine, kumbe hakuna kiungo kinachotofautiana baina ya mamalia kuliko kondo.

Siku za mwanzo na mchirizi wa damu

Kilichobaki kujulikana kilikuwa mwanzo wenyewe. Kuanzia mwaka 1938 John Rock na Arthur Hertig, katika hospitali ya wanawake karibu na Boston, Marekani, waliandikisha wanawake ambao wangeondolewa mji wa mimba kwa sababu za ugonjwa. Katika muda wa miaka 15, kwa wanawake 210, walipata mimba 34 ambazo hazijazidi siku 17. Kutokana nazo mfuatano wa siku ulipangwa. Yapata siku ya sita au ya saba kiinitete hugusa utando wa mji wa mimba; trofoblasti hujipenyeza, ikatoboa vijishipa vya mama; uwazi mdogo mdogo hutokea na kuungana; na kufikia wiki ya tatu vijitawi vya kwanza vimekwisha kupata mishipa. Amnioni, ambayo mwanzoni ni kimfuko kidogo mgongoni mwa kiinitete, hupanuka mpaka ikashikamana na korioni mwishoni mwa mwezi wa tatu.

Elizabeth Ramsey, daktari wa Marekani ambaye mwaka 1934 alikuta kiinitete cha siku 14 alipokuwa akipasua maiti, alitumia maisha yake yote kufuatilia njia ya damu ya mama. Mafundisho ya wakati wake yalisema damu hiyo hutiririka kwa upole kuelekea ukingoni. Ramsey na wenzake wa Taasisi ya Carnegie walitia dawa inayoonekana kwa eksirei katika mishipa ya nyani wenye mimba, wakapiga filamu. Katika filamu damu iliruka kwa mchirizi kutoka midomo ya ateri, kama maji ya chemchemi, ikagonga juu, ikatawanyika kati ya vijitawi, kisha ikashuka na kutoka kwa vena za chini. Katika mimba iliyokomaa ya binadamu, ateri kama 100 za namna hiyo humwaga karibu nusu lita ya damu kila dakika.

Tangu mapema karne ya 20 kondo lilikuwa limeonekana kuwa pia tezi. Josef Halban wa Vienna alilitangaza hivyo mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walionyesha kwamba mkojo wa mjamzito ukidungwa katika panya wachanga wa kike huwapevusha mayai. Miaka michache baadaye chura mwenye kucha wa Afrika Kusini alichukua nafasi ya panya: akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla siku haijaisha, na vyura hao walisafirishwa hadi maabara za Ulaya na Marekani kwa miongo mitatu. Baadaye ilithibitika kwamba homoni inayofanya hayo hutolewa na kondo. Kazi yake ni kuuamuru mwili wa mama usiangushe mimba. Vipimo vya ujauzito vinavyouzwa leo katika maduka ya dawa hutafuta homoni hiyo hiyo.

Mwaka 1953 Peter Medawar, Mwingereza, aliuliza swali jipya. Nusu ya urithi wa mtoto ni wa baba, kwa hiyo kinga ya mama ingepaswa kumkataa kama inavyokataa figo ya mtu mwingine. Kwa nini haimkatai? Sehemu ya jibu iko katika utando ule wa Langhans, ambao hauonyeshi alama zinazoichochea kinga. Sehemu nyingine iko katika desidua, ambamo seli maalumu za kinga za mama hushirikiana na trofoblasti badala ya kupigana nayo.

Ukuta wenye milango

Baada ya kujulikana kwamba damu mbili hazichanganyiki, madaktari wengi walikaa wakiamini kwamba kondo ni ngome. Imani hiyo ilivunjwa kwa uchungu. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, aligundua kwamba watoto wengi waliokuwa wakiletwa kwake na mtoto wa jicho walizaliwa na mama waliougua surua ya Kijerumani mwanzoni mwa mimba. Kisha ikaja thalidomide, dawa ya usingizi na kichefuchefu iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, zaidi ya watoto 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na viungo vilivyodumaa. Ukuta wa kondo hupitisha kwa kuchagua: oksijeni na kabonidioksidi hupita zenyewe, sukari hubebwa na wachukuzi maalumu, kingamwili za mama huingizwa kwa mlango wake ili mtoto azaliwe na akiba. Lakini molekuli ndogo nyingi, ikiwemo pombe na dawa, hupita bila kuulizwa.

Ugonjwa mwingine ulipatikana kwenye chanzo cha ukuta. Kuanzia mwaka 1967 Ivo Brosens na wenzake walionyesha kwamba katika mimba yenye afya trofoblasti huingia hadi ndani ya ateri za mama, ikazilegeza na kuzipanua kama mdomo wa tarumbeta, ili damu ifike kwa wingi bila nguvu ya kuumiza. Pale kazi hiyo inapofanyika nusunusu, kondo hukosa damu ya kutosha, nalo hutoa kemikali zinazoidhuru mishipa ya mama. Shinikizo la damu hupanda, protini hutoka katika mkojo, na asipotibiwa anaweza kufikia kifafa cha mimba. Ndiyo sababu ya kupimwa presha na mkojo kila mama anapohudhuria kliniki.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya malaria. Mwaka 1938 P. C. C. Garnham, daktari aliyefanya kazi Kenya, alichapisha uchunguzi wa makondo ya wanawake wenye malaria na kueleza jinsi vimelea vinavyojaa humo. Ilikuwa ni ajabu, kwa sababu mwanamke aliyekulia penye malaria huwa amejijengea kinga, na damu ya kidoleni inaweza isionyeshe kitu. Jibu lilipatikana mwaka 1996, pale Michal Fried na Patrick Duffy, kwa kutumia makondo yaliyokusanywa magharibi mwa Kenya, walipoonyesha kwamba kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu hunata kwenye sukari ndefu iliyoko juu ya utando wa kondo. Sukari hiyo ni mahali papya pa kujishikiza, na mama wa mimba ya kwanza hana kingamwili dhidi ya vimelea vinavyoinata. Kwa hiyo yeye ndiye huumia zaidi: damu humpungua, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Katika mimba zinazofuata kinga hiyo hujengeka. Vidonge vitatu vya SP, dawa ya malaria, ambavyo mjamzito humeza mbele ya muuguzi, pamoja na chandarua chenye dawa, vinalilinda kondo.

Kutoka virusi vya kale hadi meza ya mkunga

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza protini inayoziunganisha seli za trofoblasti kuwa utando mmoja, wakaiita sinsitini. Jeni yake ilitoka kwa kirusi kilichoingia katika urithi wa mababu wa binadamu zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kirusi kiliitumia kujishikiza kwenye seli za wengine; mwili ukaiteka na kuitumia kumlea mtoto. Miaka mitatu kabla ya hapo Dennis Lo na wenzake walikuwa wamegundua vipande vya DNA ya mtoto vikielea katika damu ya mama. Vingi kati ya hivyo hutoka kwenye kondo, na leo huwezesha kuchunguza baadhi ya kasoro za urithi kwa kuchukua damu ya mkononi tu.

Kile kilichokuwa kikitupwa nacho kilianza kutumika. Amnioni, isiyo na mishipa ya damu wala ya fahamu, ilijaribiwa Baltimore mwaka 1910 kufunika majeraha, na mwaka 1940 ikatumika kutibu macho. Mwezi Oktoba 1988, mjini Paris, Eliane Gluckman na wenzake walimtibu mvulana mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi kwa damu ya kitovu cha dada yake aliyezaliwa karibuni, na hiyo ikawa mara ya kwanza ya tiba ambayo sasa hutolewa katika nchi nyingi.

Hata hivyo uchunguzi unaookoa maisha ya wengi zaidi hauhitaji maabara. Kondo likishatoka, mkunga hulilaza juu ya sinia, upande mwekundu ukiwa juu, akalisafisha damu na kuyaunganisha mafungu yake kwa vidole ili aone kama kuna pengo. Kipande kidogo kikibaki ndani, mji wa mimba hushindwa kukaza, na mama anaweza kutokwa na damu mpaka akafa. Kisha hulinyanyua kwa kitovu, chupa ikaning'inia wazi, akalitazama tundu alilopitia mtoto na kuhakikisha kwamba ngozi mbili zimetoka nzima. Mwisho huangalia ncha ya kitovu iliyokatwa na kuhesabu mishipa: ateri mbili, vena moja. Akiridhika huandika katika kadi ya mama kwamba kondo limetoka lote, ndipo hulikabidhi kwa ndugu wanaotaka kwenda kulizika.